Droo ya Mwalimu Khalayi

Sehemu ya Nne

Kwa aliyekosa gazeti la Jumapili iliyopita, mambo yamefika hapa.

Mwalimu Khalayi wa darasa la nne, mjane asiye na mtoto, mtu wa Bungoma aliyepanga chumba Kariobangi South, aliwafumania wasichana wawili darasani kabla ya kengele ya asubuhi. Walikuwa wakipuliziana usoni dawa ya pumu kama manukato, wakicheka. Pampu ilikuwa ya Ndunge. Mwenzake aliitwa Mitchelle.

Mwalimu aliichukua ile pampu ya buluu, akaifungia kwenye droo ya meza, ufunguo akauvaa shingoni. "Utaipata saa kumi ukienda nyumbani," alimwambia Ndunge.

Saa nne watoto wakaenda uwanjani kushindana mbio. Walimu wakaingia mkutanoni.

Mitchelle alikuja kugonga mlango mara mbili. "Madam Khalayi, Ndunge ameshikwa, kifua kinalia. Anataka ile kitu yake." Mwalimu mkuu, Bwana Gichuru, akamfukuza. Khalayi alisikia kila neno. Alidhani ni hila ya mtoto mvivu anayekwepa mbio. Akabaki ameketi.

Alipotoka, Ndunge alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi. Kifua hakikulia tena. "Amenyamaza," Khalayi aliwaambia wenzake. "Amepata nafuu."

Walimpakia kwenye gari la mikate lililokuwa likipita. Hospitalini walipokea maiti. Alikuwa na miaka tisa.

Hayo mmeyasoma. Haya mengine hamjayasikia.

Juma lile lile la mazishi, Gichuru alimwita Khalayi ofisini na kufunga mlango.

"Ofisi ya elimu inataka taarifa," alisema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Mtoto aliugua ghafla. Shule ilimpeleka hospitali. Hakuwa amekuja na dawa."

"Alikuja nayo, mwalimu. Iko kwangu. Niliifungia kwenye droo."

Gichuru alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Sikukusikia," alisema. "Na wewe hukusema kitu. Huna mume, Khalayi. Huna mtoto. Ukifungwa, ni nani atakayekuja kukutazama? Andika."

Akaandika. Mistari sita, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Akatia sahihi.

Alipotoka pale alimwita Mitchelle nyuma ya maktaba. Mtoto alikuja akiwa ameshika kofia yake ya sweta kwa mikono miwili.

"Ni nani aliyekuwa akichezea ile dawa?" Khalayi alimuuliza.

"Ni sisi, madam. Mimi na Ndunge."

"Ndunge hayupo. Kwa hivyo ni wewe. Ukimwambia mtu yeyote habari ya ile pampu, wataniuliza ni nani aliyeimaliza, na mimi nitawaambia. Wajua polisi huwapeleka wapi watoto wanaoua wenzao?"

Mkojo ulimtiririka Mitchelle miguuni mpaka kwenye soksi. Kesho yake hakuja shuleni, wala kesho kutwa, na Khalayi alipoita majina asubuhi alilipita lile la Mitchelle kama mtu anayeruka dimbwi.

Ijumaa ile Kavutha alifika shuleni.

Kavutha ndiye mama yake Ndunge. Aliuza ndengu na mbaazi sokoni, na bado alikuwa na vumbi la gunia kwenye kanga. Alisimama mlangoni mwa darasa mpaka watoto wakatoka.

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua. Nataka tu kutazama dawati lake. Ile pampu niliiweka mimi kwenye begi. Nakumbuka nikiiweka. Lakini Baba Ndunge anasema sikuiweka. Mama mkwe naye anasema sikuiweka. Sasa hata mimi sijui tena ninachokumbuka."

Khalayi alimfunulia dawati. Waliinama wote wawili, vichwa karibu vigusane. Ndani mlikuwa na kipande cha penseli na maganda ya chungwa yaliyokauka.

"Haimo, Mama Ndunge."

Jina lile likawasimamisha wote wawili.

"Siku hizi ni Mama Mumo," Kavutha alisema. "Majirani plotini wameshanibadilisha jina. Wanaona ni vizuri kwangu."

Mumo alikuwa mtoto wake wa pili, mvulana wa miaka mitano, na ndiye pekee aliyebaki.

Khalayi alimsindikiza mpaka langoni. Akamshika mkono, akamwambia ajipe moyo. Kavutha aliuminya ule mkono na kusema, "Ni wewe tu ambaye hujaniuliza kwa nini sikuiweka."

Wema huo wa uongo ndio uliomletea Khalayi mgeni.

Jumatano iliyofuata, saa kumi na moja jioni, mwalimu alirudi nyumbani akamkuta Kavutha ameketi kwenye ngazi ya plotini na mfuko wa nailoni, Mumo amelala mapajani mwake.

"Amenifukuza," Kavutha alisema. "Anasema hawezi kula chakula cha mkono uliomwua mtoto wake. Ndugu zangu wanamwamini yeye. Mwalimu, sina mtu mwingine."

Khalayi alitazama mlango wake. Kisha akatazama ule mfuko. Akatoa ufunguo wa nyumba.

"Karibu ndani," alisema.

Walikaa naye siku tano. Kavutha alifua nguo za mwalimu, akapika isio, mahindi na maharagwe, kama kwao, akasugua sufuria zikang'aa kama za duka. Usiku kabla ya kulala alipiga magoti na kumwombea Khalayi kwa jina, na Khalayi alilala amegeukia ukuta, akisikiliza akiombewa.

Pampu ilikuwa kwenye mkoba wake. Aliitoa kwenye droo akiogopa Gichuru asije akaitafuta. Mara mbili alikwenda nayo chooni aitupe shimoni, na mara mbili alirudi nayo. Hata yeye hakujua anaiweka kwa ajili gani.

Katika siku hizo Kavutha alisimulia mengi bila kuulizwa. Mumewe, Kitonga, alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, na alichonga ndani ya chumba kile kile walimolala. Vumbi la msasa lilikuwa juu ya blanketi, ndani ya vikombe, kwenye nyusi za watoto. Daktari alishawaambia wahamishe kazi nje. Kitonga akasema nje kuna wezi.

"Na dawa zilikuwa mbili," Kavutha alisema akichagua mchele. "Ile ya buluu ya kumfungua akishikwa, na nyingine ya kahawia ya kupuliza kila siku asishikwe. Ya kahawia ilipotea mwezi wa tatu. Baba yake akasema, mtoto hata hakohoi, ya nini tena? Nikaona ni kweli, hakohoi. Mwalimu, mimi sikujua kwamba hakohoi kwa sababu anaipuliza."

Khalayi alisema chai inachemka, akatoka nje.

Jumamosi adhuhuri, jirani wa nyuma ya ukuta aliwasha tairi kuukuu ili apate waya wa kuuza. Moshi mweusi uliruka ukuta na kuingia chumbani kabla dirisha halijafungwa.

Mumo alikohoa mara tatu. Kisha akaacha kucheza. Kisha akaketi, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda mpaka masikioni. Kifua kikaanza kulia kama filimbi iliyopasuka. Kila alipovuta pumzi mbavu zilizama ndani, ungeweza kuzihesabu.

"Mwalimu," Kavutha aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwalimu, ni kama Ndunge. Alianza hivi hivi."

Khalayi aliingia nyuma ya pazia, akaufungua mkoba.

Pampu ilikuwa na kipande cha plasta, na juu ya plasta Kavutha mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu: Ndunge Kitonga, Std 4, yaani darasa la nne.

Hapo ndipo mwalimu alipofanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulisema mbele ya mtu bila kufumba macho. Alianza kuibandua ile plasta.

Ilikuwa imeganda kwa miezi. Aliikwaruza kwa kucha, ikatoka kipande. Akatumia meno. Upande wa pili wa pazia mtoto alikuwa akipiga filimbi yake, na mama akisema, "Vuta, baba. Vuta kidogo. Vuta." Khalayi alitoa neno Kitonga. Akatoa ile nne. Jina la Ndunge ndilo lililokataa kutoka, likawa linachanika herufi moja moja. Vile vipande hakuwa na pa kuviweka, akavitia mdomoni na kuvimeza.

Ndipo akatoka na pampu.

"Mfumbue mdomo," alisema.

Wakampulizia mara nne, tano, sita. Filimbi ikashuka kidogo. Midomo ilikuwa bado ya kijivu. Kavutha alimbeba wakakimbia mpaka kliniki ya Adoyo, mwanamke mnene asiyecheka, ambaye mtaa mzima ulimwita daktari.

Adoyo alimvalisha mtoto kinyago cha mvuke na kumpiga sindano. Alisimama juu yake nusu saa nzima bila kuketi. Midomo ya Mumo ilipopata rangi, ndipo alipowageukia.

"Mmechelewa kidogo, lakini mmefika," alisema. "Nisikilizeni. Kifua kikilia, bado hewa inapita. Kikinyamaza ghafla na mtoto amelegea, msiseme amepata nafuu. Hapo hakuna hewa inayoingia wala kutoka. Wengi hutuletea wakati huo, wakiwa wameshamshukuru Mungu."

Khalayi alitafuta ukuta kwa mkono.

"Na hiyo pampu imewasaidia," Adoyo aliongeza. "Ni ya nani?"

"Ya mpwa wangu," Khalayi alisema. "Aliisahau kwangu."

Kavutha alimshika miguu. Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya kliniki, mbele ya wagonjwa.

"Mungu amweke mpwa wako," alisema. "Laiti ungekuwa karibu na Ndunge siku ile."

Jumapili hiyo Khalayi hakwenda kanisani. Alijilaza, akajiapiza: kesho nitamwambia, kabla ya chai. Lakini Jumatatu, kabla ya chai, alikuja askari na barua. Kavutha anatakiwa ofisi ya chifu saa tatu. Mumewe anadai mtoto wake. Mwalimu Khalayi naye anatakiwa, kama shahidi.

"Ni vizuri uje," Kavutha alisema akimvalisha Mumo viatu. "Wewe utawaambia mimi ni mama wa namna gani."

Ofisi ya chifu ilikuwa ya mabati, na jua lilikuwa limeshaanza kuyapiga. Kitonga alikuwa ameketi kando ya mama yake, mikono yenye makovu ya patasi imelala mapajani kama si yake. Gichuru alikuwepo pia, tai shingoni. Alimwinamia Khalayi alipokuwa akipita.

"Uliandika mistari sita," alimnong'oneza. "Usiongeze wa saba."

Chifu alikuwa mzee mpole aliyesoma polepole. Aliifunua ile taarifa mbele ya wote, mistari sita tu, na kuisoma yote kwa sauti. Alipofika mahali pa "hakuwa amekuja na dawa yoyote" alisimama na kumtazama Kavutha, kisha akaendelea.

"Mwalimu," alisema. "Maandishi haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ni ya kweli?"

Kavutha alikuwa amemgeukia. Uso wake haukuwa na wasiwasi wowote. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri rafiki yake amtetee.

Gichuru alikohoa.

"Ni ya kweli," Khalayi alisema.

Kavutha hakulia. Alimtazama mwalimu kwa muda, kama anayedhani amesikia vibaya. Kisha akainama akaanza kumfunga Mumo vifungo vya sweta, kimoja kimoja mpaka cha shingoni, jinsi mtoto anavyofungwa akipelekwa safari.

"Basi mtoto ataishi kwa baba yake," chifu alisema. "Mama utamtembelea."

Mama yake Kitonga alinyoosha mkono.

"Mama, alale karibu na dirisha," Kavutha alimwambia. "Na lile vumbi. Akianza kukohoa, tafadhali..."

"Usinifundishe kulea," mama mkwe alimkata. "Mimi nimelea saba. Wewe umelea wawili ukazika mmoja."

Ndipo Kitonga aliponena. Tangu asubuhi hakuwa ametia neno.

"Mama, mwache mtoto."

"Nimwache vipi?"

"Mwache." Akamgeukia chifu. "Mzee, dawa niliitupa mimi."

Mama yake alimvuta shati. Kitonga aliutoa ule mkono.

"Ile ya kahawia. Mwezi wa tatu. Mama aliniambia mtoto akizoea kupuliza kila siku kifua kitakuwa mtumwa wa dawa, hata mume hatapata. Nikaitia kwenye jiko ninalochemshia gundi. Nikamwambia mke wangu imepotea. Mtoto alipokufa nilijua ni mimi. Huyu nilimfukuza kwa sababu kila nikimtazama..." Hakumaliza. "Mtoto mpe yeye. Mimi siwezi kulea."

Chifu akaifunika ile taarifa.

"Hili limepita ofisi yangu," alisema. "Askari, mpeleke kituoni akaandikishe maneno aliyoyasema hapa."

Askari akamshika Kitonga begani. Kitonga alisimama bila kubisha, kama ng'ombe aliyezoea kamba. Mama yake akaanza kuomboleza kwa Kikamba. Gichuru naye alisimama, akapangusa suruali.

"Bwana Chifu, nadhani sisi walimu tunaweza kurudi kazini."

Khalayi aliuona mlango ukiwa wazi. Jua lilikuwa nje, na watu wakipita na shughuli zao. Hakuna aliyekuwa na haja naye tena. Mzigo wake ulikuwa umepata shingo nyingine, na mwenye shingo hiyo aliuomba mwenyewe. Ilimbidi atembee hatua nne tu.

Alitembea moja.

"Mwacheni," alisema.

"Mwalimu huyu hajalala siku nyingi, Bwana Chifu," Gichuru alisema haraka. "Hajui anachosema."

"Mwacheni Baba Ndunge. Ile ya kahawia aliitupa yeye, sawa. Lakini siku ile Ndunge alikuja na ya buluu. Ilikuwa kwenye begi, pale mama yake alipoiweka. Alikuwa akiichezea na mwenzake, wakicheka, nikamnyang'anya. Nikaifungia. Mwenzake alipokuja kuiomba nilisikia, nikakaa."

Alitia mkono mkobani, akaitoa pampu na kuiweka juu ya meza ya chifu.

Mama yake Kitonga aliacha kuomboleza katikati ya neno.

Kavutha alimkalisha Mumo kwenye benchi. Akaja mezani, akaichukua ile pampu, akaigeuza. Alipitisha kidole pale kwenye mikwaruzo ya kucha na gundi iliyobaki.

"Hii si ya mpwa wako," alisema.

"Sina mpwa."

"Jumamosi ulikaa nyuma ya pazia."

"Nilikuwa nabandua jina."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Dakika mbili. Labda tatu."

Kavutha alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa bei sokoni.

"Na ule mkutano wa siku ile. Mlikuwa mkizungumza nini?"

"Sare," Khalayi alisema. "Sare za kwaya ya shule. Rangi ya riboni."

"Kuna mwingine anayejua?"

"Mwalimu mkuu. Na Mitchelle. Mitchelle nilimwambia akisema atafungwa yeye."

Gichuru alikuwa ameshaufikia mlango. Chifu alimwita kwa kidole tu, bila kusema neno, akarudi.

Kavutha alimnyanyua Mumo, akampeleka kwa Kitonga na kumweka mikononi mwake. Kitonga alimpokea, machozi yakimdondokea mtoto kichwani. Askari alikuwa bado amemshika bega, akauondoa mkono.

"Bwana Chifu," Kavutha alisema. "Nakuomba uniazime ofisi yako."

"Mama, hilo haliwezekani. Huyu sasa ni mtu wa polisi."

"Utampeleka. Sitamgusa. Lakini polisi wataandika mistari sita, na mimi nimeshasomewa mistari sita."

Chifu akachukua kofia yake kwenye msumari na kuwaashiria wengine watoke. Walitoka mmoja mmoja, Gichuru akiwa mbele ya askari, Kitonga na mtoto mwisho.

Kavutha alifunga mlango na kusukuma komeo. Akalivuta lile benchi mpaka likawa mkabala na Khalayi, akaketi karibu kiasi kwamba magoti yao yaligusana. Joto la mabati lilikuwa limeanza kuwashukia vichwani.

"Keti," alisema.

Khalayi akaketi.

"Anza alipoingia darasani. Niambie alikuwa anacheka nini. Niambie alikutazama vipi ulipomnyang'anya, na alisema nini. Halafu twende mpaka kwenye lile benchi la shuleni, nje ya ofisi. Pale ndipo utakapokwenda polepole, mwalimu. Na usiruke kitu."